Suali la Mlangoni: Usaili wa Mchezaji na Mipaka ya Nafsi

Mlowo ni mji wa biashara katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikapita Mbeya na kuishia Tunduma, mpakani mwa Zambia. Watu wa pwani wanaufahamu kidogo mji huu, ingawa mahindi na kahawa ya nyanda zile huteremka kila mwaka hadi bandarini. Katika soko la nafaka, mnunuzi hanunui gunia kwa kulitazama kwa nje. Huchukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akalichoma gunia ubavuni na kutoa punje za katikati. Huzitazama kama zimekauka, kama zimetobolewa na dumuzi, kama mwenye mali hakufunika mabovu kwa mazuri. Muuzaji husimama kando wala haudhiki. Gunia halina haya, na mwenye gunia ana haki ya kumwambia mnunuzi aende zake.

Binadamu naye, anapokwenda kuomba kazi, huchomwa bambo. Bambo lake ni suali. Neno usaili, linalotumika leo kwa mahojiano ya kazi, limetoka katika kitenzi kusaili, ndugu wa masaili yale ambayo mashairi ya pwani yameyataja tangu kale. Mwajiri ana haki ya kusaili. Nahodha atamuuliza baharia kama anajua kutweka tanga, na kocha atamuuliza mchezaji kama goti lake limepona. Lakini yako masuali ambayo hayaulizi kazi. Huuliza mama wa mtu, ndoa yake, kitanda chake, na vile viungo ambavyo nguo ziliwekwa kuvifunika. Masuali ya aina hii yamewaandama wachezaji kuliko wafanyakazi wengi wengine, kwa sababu mwili wa mchezaji ndio chombo chake cha kazi, na ni rahisi kwa anayemlipa kudhani kwamba chombo kikiwa wazi, mwenyewe naye hana tena pa kujifunika.

Mfano uliosikika mno ulitokea Marekani mwaka 2010. Dez Bryant, kijana aliyekuwa akingoja kuchaguliwa na klabu za mpira wa miguu wa Kimarekani, alihojiwa na Jeff Ireland, meneja mkuu wa klabu ya Miami Dolphins. Katika mahojiano hayo aliulizwa kama mama yake alikuwa kahaba. Habari zilipotoka magazetini mwezi Aprili, Ireland aliomba radhi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2013, Nick Kasa alieleza kwamba alipohojiwa na klabu aliulizwa kama ana mchumba na kama anapenda wasichana. Mwaka 2016 Eli Apple naye alisema kwamba kocha mmoja wa Atlanta Falcons alimuuliza kama anapenda wanaume, na klabu hiyo ikaomba radhi. Wote hawa walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wakikabiliana na watu wazima walioshika kalamu ya mkataba. Hakuna aliyeulizwa kuhusu kazi. Wenye klabu walijitetea, kama ilivyo ada, kwamba walitaka kuona kijana atastahimili vipi akichokozwa.

Si haki, hata hivyo, kudhani kwamba jambo hili ni la Marekani peke yake, au kwamba lilianza na mpira. Barabara inayopita Mlowo inaijua historia yake, na visiwa vinaijua zaidi.

Mkono wa mnunuzi

Mwaka 1811 Kapteni Thomas Smee, Mwingereza aliyefika Unguja kwa merikebu, aliandika namna watumwa walivyotembezwa sokoni jioni. Mnunuzi alimsimamisha amtakaye, akampekua kinywa na meno, akamshika mwili kiungo kwa kiungo, mwanamume na mwanamke pia. Muuzaji alihojiwa kuhusu maradhi ya mtu yule na hata kama hukoroma usingizini. Aliyeuzwa hakuulizwa neno. Yeye ndiye aliyekuwa suali, na jibu lilitolewa na mwingine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi Juni 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash, na mahali pake, Mkunazini, pakajengwa kanisa ambalo limesimama hadi leo.

Mchezaji wa kulipwa si mtumwa. Ana mkataba, ana mshahara, anaweza kuondoka, na wengine wana fedha ambazo wanaowahoji hawatazipata maishani. Mwenye kusahau tofauti hii huwadhulumu waliouzwa Mkunazini kwa kuufanya msiba wao mfano wa kila udhia. Kinachofanana ni kidogo, lakini ni kizito: mkono wa mnunuzi uliokwisha kuzoea kwamba mwili ukiwa na bei, hauna mlango.

Mkono huo haukukatwa mwaka 1873. Ulirudi katika karne ya ishirini umevaa koti jeupe la daktari. Nyanda za juu za kusini magharibi mwa Tanganyika, kuanzia Rungwe hadi Mbozi na mpakani, zilikuwa chemchemi ya vibarua. Wanaume waliondoka kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Wengine walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, wengine wakavuka mpaka kwenda Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo, na wengine wakaandikishwa kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Kampuni iliyowaandikisha hawa wa mwisho kwa niaba ya migodi ilijulikana kwa herufi zake WNLA, nao vibarua wakaitamka Wenela. Jina hilo likaingia katika nyimbo na hadithi za nchi nyingi za kusini.

Usaili wa Wenela ulikuwa wa mwili. Mtu alipimwa uzito, akasikilizwa mapafu, akavuliwa nguo katika msitari pamoja na wenzake, wazee na vijana, baba mkwe na mkwewe. Mpiga picha Ernest Cole wa Afrika Kusini aliinasa hali hiyo katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1967: safu ya wanaume uchi, wameelekea ukutani, mikono juu, wakingoja daktari. Waliofuzu waliingizwa kwa siku kadhaa katika vyumba vya joto na mvuke, wakipanda na kushuka hatua kwa mdundo huku wakipimwa joto la mwili, ili ijulikane nani atastahimili chini ya ardhi.

Ikumbukwe kwamba vipimo hivyo vilikuwa na sababu ya kweli. Vibarua waliotoka nchi za joto walikuwa wamekufa kwa wingi kwa homa ya mapafu, hata mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ikapiga marufuku kuwaajiri, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa katika miaka ya 1930. Mgodi uliopima mapafu ulimwepusha mtu na kifo. Kilichokuwa uovu ni ule msitari. Mapafu yangeweza kupimwa nyuma ya pazia, na mkwe angeweza kungoja nje. Kutokuwepo kwa pazia hakukumsaidia daktari kwa lolote. Kulimfundisha kibarua, kabla hajashika sururu, kwamba amekwisha kuingia mahali ambapo heshima yake si hesabu ya mtu. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, serikali ya Tanganyika iliufunga mlango wa Wenela, na sababu ilikuwa ya kisiasa na ya heshima kwa pamoja.

Kutoka shimoni hadi uwanjani

Ukanda wa Shaba ndio uliounganisha kibarua na mchezaji. Kampuni za migodi zilijenga viwanja na kufadhili timu ili vibarua wapate burudani na mji utulie, na timu hizo zikaja kuwa nguzo za mpira wa Zambia: Mufulira Wanderers, Roan United ya Luanshya, na Rhokana United ya Kitwe iliyokuja kuitwa Nkana. Kijana mwenye miguu mizuri aliandikwa kazi mgodini, akapewa nyumba ya mgodi, naye akacheza. Kwa miaka mingi mchezaji bora wa Zambia alikuwa, katika daftari la mishahara, mfanyakazi wa shaba. Kalusha Bwalya, aliyetoka Mufulira na kuwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1988, alilelewa na mpira wa namna hiyo.

Hivyo mchezaji alirithi usaili wa mchimbaji. Kupimwa afya kabla ya kutia saini ni desturi ambayo mpira wote duniani umeikubali, na mara nyingi ni kwa faida ya mchezaji mwenyewe. Hata suali la umri, ambalo limewatesa vijana wa Afrika Mashariki, lina haki yake. Mwaka 2005 timu ya vijana ya Tanzania, Serengeti Boys, iliondolewa katika fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kwa tuhuma ya umri wa mchezaji, na mwaka 2009 Shirikisho la Soka la Dunia, FIFA, likaanza kupiga picha mfupa wa kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana hao. Kipimo hicho huuliza jambo moja tu linalohusu mashindano, humhusu kila aliyemo katika umri ule, na hakimvui mtu nguo. Ni suali gumu, lakini ni suali la kazi.

Kwa wanawake mambo yalikwenda njia nyingine.

Mwaka 1966, katika mashindano ya riadha ya Ulaya mjini Budapest, wanariadha wanawake walitakiwa kupita uchi mbele ya jopo la madaktari ili ithibitike kwamba ni wanawake. Mwaka huohuo, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaica, walipekuliwa kwa mkono. Msitari wa Wenela na msitari wa Budapest ulikuwa ni wakati mmoja. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1968 katika Olimpiki ya Mexico kipimo kikageuka kuwa cha kromosomu, kwa ute wa ndani ya shavu. Hiyo ndiyo Olimpiki ambayo Kenya ilipeleka wanariadha wake wa kwanza wanawake, wakiwemo Tekla Chemabwai na Lydia Stephens. Mwanamke wa Afrika Mashariki alifika mlangoni mwa michezo ya dunia siku ileile mlango ulipowekewa mlinzi mpya.

Aliyefuzu alipewa cheti cha kuthibitisha uanamke wake, na akatakiwa kukichukua kila aendako kushindana. Mwaka 1976, katika Olimpiki ya Montreal, mwanamke mmoja anatajwa kuwa alisamehewa kipimo: Anne, binti wa Malkia wa Uingereza, aliyeshindana katika mashindano ya wapanda farasi. Kisa hiki kidogo kinafichua mengi. Kama kipimo kilikuwa cha sayansi tu, damu ya kifalme isingekuwa na uzito wowote mbele yake. Palionekana kwamba kumuuliza binti wa malkia suali lile ni utovu wa adabu. Basi kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba suali lile ni utovu wa adabu, ila wengine walionekana hawastahiki adabu hiyo.

Mwaka 1985 Maria José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Hispania, alisahau cheti chake alipokwenda Kobe, Japani. Akapimwa upya, na kipimo kikamkataa kwa umbile la ndani ambalo yeye mwenyewe hakulijua wala halikumpa nguvu yoyote. Siri ilitoka magazetini, akapoteza mchumba na rekodi zake. Alipigana hadi mwaka 1988 aliporudishiwa haki ya kushindana. Kesi yake ilisaidia kuwashawishi wakuu wa riadha waache kupima kila mwanamke mwaka 1992, na Kamati ya Olimpiki ikafuata mwaka 1999.

Majina ya jirani

Lakini suali halikufa. Liliacha kuulizwa kwa wote, likawa la wale tu waliotiliwa shaka, na shaka hiyo ikaangukia mara nyingi wanawake kutoka nchi za kusini. Tarehe 19 Agosti 2009, siku aliposhinda mbio za mita 800 mjini Berlin kwa dakika 1 na sekunde 55.45, Caster Semenya wa Afrika Kusini, binti wa miaka 18, alisikia dunia nzima ikijadili kama yeye ni mwanamke. Mwaka 2011 zikaja kanuni za kupima homoni ya testosteroni. Mwaka 2018 zikabanwa kwa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja, na mwaka 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikakataa rufaa ya Semenya. Mwaka 2023 zikapanuliwa kwa mashindano yote ya riadha. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, nyuma ya Semenya walisimama jukwaani Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu walifungiwa na kanuni hizo mlango wa mbio walizoshinda. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwezi Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb.

Kisa cha Annet Negesa wa Uganda ndicho kizito kuliko vyote. Mwaka 2012 aliweka rekodi ya taifa ya mita 800 na akawa anajiandaa kwa Olimpiki ya London. Kabla ya safari aliarifiwa kwamba hataruhusiwa, kwa sababu ya homoni zilizopimwa katika damu yake. Alipelekwa Nice, Ufaransa, kwa uchunguzi zaidi, kisha mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji mjini Kampala. Kwa maelezo yake, alifahamishwa kwamba ni tiba ndogo. Aliamka na makovu, na mwili wake haukurudi tena kama ulivyokuwa. Shirikisho la riadha la dunia limekana kwamba lilihusika na upasuaji huo. Mwaka 2019 Negesa alisimulia habari zake hadharani katika televisheni ya Ujerumani, nchi ambako alipewa hifadhi, kwani kusema kulikuwa kumemwondolea usalama wa kurudi kwao.

Na ng'ambo ya mpaka, mwendo wa gari usiomaliza siku kutoka Mlowo, mwezi Julai 2022 nahodha wa Zambia Barbra Banda aliondolewa katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake nchini Morocco kwa sababu ya vipimo hivyohivyo vya homoni. Viongozi wa mpira walilieleza jambo hilo mbele ya waandishi wa habari, na mambo ya ndani ya damu ya msichana yakasomwa na kila mwenye simu. Mwaka uliofuata, chini ya kanuni za FIFA ambazo hazikumzuia, alicheza Kombe la Dunia na kufunga dhidi ya Costa Rica bao la 1,000 katika historia ya mashindano hayo kwa wanawake. Mwaka 2024 alinunuliwa na Orlando Pride ya Marekani na kuifungia bao pekee la fainali ya ligi. Mwili ulioonekana haufai Rabat ulifaa Orlando. Bila shaka kanuni hutofautiana. Lakini anayebeba tofauti hiyo mabegani si mwandishi wa kanuni.

Uadilifu unataka upande wa pili usikizwe. Mashindano ya wanawake yamewekwa ili mwanamke asishindane na nguvu za kiume, na uwanja usio na mpaka ungewadhulumu wengi. Wanariadha kadhaa wanawake wameuomba mpaka huo, nao si watu wabaya. Mwezi Septemba 2025 shirikisho la riadha la dunia lilianza kudai kipimo cha jeni, kinachofanywa mara moja maishani, kwa kila mwanamke aliyetaka kushindana Tokyo. Wapo wanaoona kwamba afadhali hivyo, kwa kuwa kipimo cha wote hakimwoneshei kidole mmoja. Wapo wanaokumbuka Kobe mwaka 1985, na kuuliza nani atakuwa karibu na msichana wa miaka 17 siku atakapopewa jibu ambalo mama yake mzazi hakulijua. Mwezi Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitamka kwamba Semenya hakusikilizwa kwa haki na mahakama za Uswisi, lakini suali la faragha yenyewe haikuliamua. Hadi hapo, mpaka wa uwanja umechorwa na kuchorwa upya. Mpaka wa nafsi bado.

Nyumbani

Tanzania haimo nje ya habari hii. Mwezi Agosti 2021, katika hafla ya Ikulu ya kuwapongeza vijana wa kiume waliotwaa kombe la CECAFA la chini ya miaka 23, Rais Samia Suluhu Hassan aliwazungumzia pia wachezaji wanawake. Alitaja vifua vyao na sura zao, na ugumu wa baadhi yao kupata ndoa, huku akihimiza watunzwe baada ya kuacha mpira. Maneno hayo yalizua mjadala mkubwa nchini na nje. Wapo waliosema ni nasaha ya mama kwa mabinti, na wapo waliosema kwamba hakuna mvulana aliyepimwa kifua siku ile. Wasichana wenyewe waliendelea kucheza. Twiga Stars ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, ikalicheza Morocco mwezi Julai 2025, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2010.

Sheria za nchi zimesema zaidi ya vile wengi wanavyodhani. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi na familia yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi kama jinsia, ndoa, ujauzito, kabila na ulemavu, na inazihesabu taratibu za kuajiri kuwa sehemu ya ajira. Kwa maneno mepesi, msichana wa Mlowo anayeitwa Mbeya au Dar es Salaam kujaribiwa na klabu hapaswi kunyimwa nafasi kwa kuwa ameolewa au ana mtoto. Lakini sheria huanza kazi pale mtu anapolalamika. Mwenye njaa ya kazi, aliyepanda basi la alfajiri na viatu vya kuazima, hulalamika kwa nani? Akijibu kwa hasira, ataambiwa hana nidhamu. Akinyamaza, ataambiwa ana la kuficha. Akijibu kwa utii, suali la pili litakuwa baya kuliko la kwanza.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ubaya wa suali haupimwi kwa maneno yake peke yake. Hupimwa kwa nafasi anayobaki nayo aliyeulizwa. Watu wa pwani wanalijua hili kupitia ushairi wao. Katika malumbano, mshairi humchoma mwenzake kwa nasaba, kwa umbile, hata kwa siri za nyumbani, na wasikilizaji hucheka, kwa sababu wanajua kwamba zamu ya pili inakuja. Tangu enzi za Muyaka bin Haji kule Mombasa, suali la kishairi lina deni la jibu. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyetoka katika ufinyanzi na kuwa sauti ya kwanza ya taarabu kwa Kiswahili iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928, alitungiwa nyimbo za kumkejeli asili yake na uso wake. Hakwenda kuomba cheti. Alijibu kwa wimbo, na jibu lake ndilo lililobaki vinywani mwa watu. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, aliandika habari za mtu aliyeheshimika, na aliyemkejeli hakumbukwi.

Chumba cha usaili si uwanja wa malumbano. Huko zamu ni moja tu. Ireland angeweza kumuuliza Bryant kuhusu mama yake, lakini Bryant hakuweza kumuuliza Ireland kuhusu mama yake na bado akatumaini kupata kazi. Kibarua wa Mbozi hakuweza kumwambia daktari wa Wenela naye avue. Negesa hakuweza kudai rajamu za damu za wakuu wa riadha. Waumini wa pwani hufundishwa tangu utotoni habari za masaili ya kaburini, ambako Munkari na Nakiri humuuliza maiti naye hana budi kujibu. Hata masaili hayo, kama yanavyofundishwa, huhusu Mola, dini na Mtume. Kiumbe anayejipa ruhusa ya kuuliza zaidi ya hapo, na bila kuulizwa naye, amejikweza pakubwa.

Ndiyo maana kila hatua ya heri katika historia hii ilianza pale aliyeulizwa alipopata njia ya kujibu. Wenela ilifungiwa mlango na watu waliopata serikali yao. Martínez-Patiño alijibu kwa miaka mitatu ya hoja. Semenya alijibu mahakamani, Negesa kwenye televisheni, Banda kwa mabao. Kule Marekani, baada ya miaka kumi na miwili ya aibu tangu kisa cha Bryant, mwezi Januari 2022 ligi iliziandikia klabu kwamba itakayomuuliza kijana masuali ya kumdhalilisha itatozwa faini isiyopungua dola 150,000 na kunyang'anywa haki ya kumchagua mchezaji mmoja katika raundi nne za mwanzo. Suali likapewa bei, na mara moja ikaonekana kwamba kazi inawezekana bila hilo.

Ligi za Afrika Mashariki hazihitaji kungoja dola. Zinahitaji mambo machache yasiyo na gharama: msichana asihojiwe peke yake, bali awepo mzazi, dada au kiongozi wa wachezaji; daktari ampime nyuma ya pazia, na majibu yawe mali ya aliyepimwa; na mwenye kuuliza atangulie kueleza suali lake linahusu nini katika kazi. Akishindwa kueleza, aliache.

Pale sokoni Mlowo, mnunuzi akishalichomoa bambo, desturi humtaka azibe tundu alilolitoboa, ili mahindi yasimwagike njiani. Hufanya hivyo hata kama hakununua.